Usiagize mota kubwa bado: mashine ya vimpira inayoruka meno na kupata moto

"Habari mtaalamu. Binti yangu ana miaka 12. Mjomba wake anayeishi Ujerumani alimletea boksi la LEGO Technic (matofali ya plastiki ya kujengea, yenye gia na mota) lililotumika, na tangu likizo tunajenga naye mashine ya kupandisha vimpira. Ina vidato vinane. Vinne vimetulia, vinne vinapanda na kushuka pamoja, na kila vinapopanda vimpira vinasogea kidato kimoja, mpaka vinafika juu na kuteremka kwenye mfereji kurudi kapuni. Mota ni ile ya kati. Inazungusha gia ya meno 8, nayo inazungusha gia ya meno 40 iliyo juu yake. Gia zimeshikwa na matofali yenye matundu yaliyopangwa wima: kati ya tofali la chini na la juu kuna tofali moja na vibamba viwili, yaani vile vipande vyembamba. Mashine ikiwa tupu inazunguka. Tukiweka vimpira, gia zinaruka, tak-tak-tak. Tulisukuma bushi zote (vile vipete vinavyovaa kwenye shafti) zikabana ili gia zisicheze. Mlio ukapungua kidogo, lakini sasa mota inapata moto na baada ya dakika kumi hivi kila kitu kinasimama. Tukiipumzisha inaamka. Ndugu mmoja anasema mota ni ndogo, tuagize ya XL. Mwingine anasema tupake mafuta ya cherehani. Binti mwenyewe anataka kuongeza gia ya meno 24 katikati ya zile mbili ili ipate nguvu. Maonyesho ya sayansi shuleni kwao ni baada ya wiki tatu. Tufanye nini?"

Mama, nianze na fedha yako. Usiagize mota, angalau si sasa. Mota mliyonayo ina nguvu nyingi kuliko kazi mnayoitaka ifanye, na hilo linaonekana kwa hesabu ambayo binti yako anaweza kuirudia mwenyewe na hata kuibandika kwenye meza yake siku ya maonyesho.

Kimpira cha LEGO kina kipenyo cha takriban milimita 14. Tuchukulie kina uzito wa gramu 3, na hapo nimekizidishia. Tuseme mashine inapandisha kimoja kila sekunde hadi kimo cha sentimita 25. Kazi ya kila sekunde ni kilo 0.003 mara 10 (mvutano wa dunia) mara mita 0.25, yaani jouli 0.0075, na jouli moja kwa sekunde ndiyo wati moja. Haifiki hata sehemu moja ya mia ya wati. Ukiongeza uzito wa vidato vyenyewe, ambavyo ni vizito kuliko vimpira, bado hukaribii sehemu moja ya kumi. Mota ya M, yaani ile ya kati, ya Power Functions, mfumo wa umeme wa LEGO uliotoka mwaka 2007, ikipata volti 9 kamili hutoa karibu wati 1 inapokuwa kwenye mwendo wake mzuri. Nguvu ipo, tena kwa wingi. Inaliwa njiani kabla haijafika kwenye vidato, na mkifunga mota kubwa zaidi mtakuwa mmewaongezea chakula walaji wale wale.

Mlaji wa kwanza nimemwona kwenye sentensi yako moja: tofali moja na vibamba viwili katikati.

Gia za LEGO zimetengenezwa kwa kanuni rahisi sana. Kipenyo cha duara ambapo meno yanakutania, kwa milimita, ni sawa na idadi ya meno. Gia ya meno 8 ina kipenyo cha milimita 8, nusu yake 4. Ya meno 40 ina kipenyo cha milimita 40, nusu yake 20. Ili ziumane sawasawa, kitovu cha moja kinatakiwa kiwe milimita 24 kutoka kitovu cha nyingine, si zaidi wala pungufu. Sasa pima ulichojenga. Matundu kwenye tofali moja yamepangwa kila milimita 8 kwa ulalo, lakini kwenda juu hesabu inabadilika, kwa kuwa kimo cha tofali ni milimita 9.6 na cha kibamba ni 3.2. Kutoka tundu la tofali la chini hadi tundu la tofali la juu, kukiwa na tofali moja na vibamba viwili katikati, ni 9.6 jumlisha 9.6 jumlisha 6.4. Jibu ni milimita 25.6. Mmezidisha milimita 1.6.

Kwa jicho si rahisi kuigundua milimita moja na nusu, ila kwa gia hizi ni pengo kubwa mno. Meno ya gia ya namna hii huingiliana kwa karibu milimita 2. Zikiachana kwa milimita 1.6, kinachobaki kinang'atana ni ncha tu, chini ya nusu milimita. Mashine tupu inaweza kuzunguka kwa ncha hizo. Ikibeba mzigo, ncha zinateleza moja juu ya nyingine, na huo ndio mlio wa tak-tak-tak.

Wala msijilaumu kwa kutopata kipimo sahihi kwa kupanga wima, kwa sababu hakipo. Vibamba vitano vikikaa pamoja vina kimo cha milimita 16, ambacho ni matundu mawili kamili, na vibamba kumi ni milimita 32. Milimita 24 ingehitaji vibamba saba na nusu. Kwa hiyo gia zinazohitaji umbali wa matundu mawili, mfano 8 na 24, zinakaa vizuri wima mkiweka vibamba viwili kati ya matofali yenye matundu. Zinazohitaji matatu, kama 8 na 40, hazikai hata mbadilishe mpangilio mara ngapi. Hali hii ni urithi wa historia. Tofali la LEGO lililosajiliwa Denmark mwaka 1958 lilikuwa na kimo chake tayari, na Technic ilipoanza mwaka 1977 ilitoboa matundu kwenye matofali ya kimo hicho hicho. Ile mikono mirefu yenye matundu, isiyo na vinundu (vile vijitokezo vya juu ya tofali), ilitawala baadaye, hasa miaka ya 2000, na yenyewe ina milimita 8 pande zote. Boksi lililotumika kwa kawaida huwa na vya enzi zote mbili, basi ni rahisi mtu kudhani kipimo ni kimoja.

Dawa yake ni ya bure na kuna njia mbili. Ya kwanza ni kulaza gia: ziwe kwenye tofali moja refu, ndogo tundu la kwanza, kubwa tundu la nne. Hapo umbali ni milimita 24 kamili. Ya pili, kama nafasi inawalazimisha zikae wima, ni kusimamisha mkono wenye matundu na kupitisha shafti zote mbili humo. Mimi ningechagua ya kwanza, kwa kuwa tofali lililolala ni rahisi kulifunga lisipinde.

Na kupinda ndiyo habari inayofuata, kwa sababu hata umbali ukiwa sahihi mezani, gia zenyewe zinapofanya kazi zinajitahidi kuachana. Jino halisukumi jino lenzake kwa kulizungusha tu. Uso wake umeinama, hivyo sehemu ya msukumo inaelekea nje. Kwa pembe ya kawaida ya digrii 20, nguvu ya kuachanisha ni zaidi kidogo ya theluthi moja ya nguvu ya kuzungusha. Tuiweke kwenye namba: mota ikibanwa mpaka ikatoa newton-sentimita 10 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kwenye gia yenye nusu kipenyo cha milimita 4, jino linabeba newton 25, karibu sawa na uzito wa kilo mbili na nusu, na shafti zinasukumwa ziachane kwa newton 9. Plastiki ya unene ule, ikishikwa upande mmoja tu, lazima ipinde.

Kwa hiyo kila shafti yenye gia ishikwe pande mbili, gia ikiwa katikati na karibu na matofali yote mawili. Gia inayoning'inia kwenye ncha ya shafti ndefu itaruka tu. Kisha tazameni fremu. Matofali yanayoshikana kwa vinundu peke yake huachia polepole yakitetemeshwa. Kila dakika yanainuka kidogo, na mtu anashangaa kwa nini mashine iliyokuwa nzima asubuhi inaruka mchana. Funga tabaka za matofali kwa mkono uliosimama, uupige pini juu na chini. Matundu yatakutana pale mlipoacha vibamba viwili kati ya tofali na tofali, kwa ile hesabu ya milimita 16, basi jengeni nguzo za mashine kwa utaratibu huo tangu chini. Kazi hii inachosha na haipendezi machoni, lakini mashine za vimpira zinazodumu siku nzima hutofautiana na zinazokufa baada ya saa moja hasa kwenye fremu.

Nije kwenye wazo la binti yako la kuweka gia ya meno 24 katikati. Namsifu kwa kufikiri, na ningependa alijaribu kwa mkono kabla hajaniamini. Gia inayokaa katikati ya mbili nyingine kwenye mstari mmoja haibadilishi uwiano. Jino moja la mwanzo linasogeza jino moja la katikati, nalo linasogeza jino moja la mwisho. Mota itazunguka mara tano ili gia kubwa izunguke mara moja, kama sasa. Kinachobadilika ni upande wa mzunguko, pamoja na msuguano wa shafti moja zaidi. Ili kweli kupata nguvu zaidi, gia ya katikati lazima ishiriki shafti moja na gia nyingine ndogo, na hiyo ndogo ndiyo iendeshe ya mwisho. Hapo uwiano unazidishwa. Ila hamuhitaji. Mota ya M ikiwa na mzigo kidogo huzunguka kama mara 300 kwa dakika. Ukigawa kwa 5 unapata 60, mzunguko mmoja kila sekunde. Wajenzi wa mashine hizi nchini Marekani waliokubaliana kanuni za kuunganisha mashine zao katika mlolongo mmoja walichagua kasi hiyo hiyo, wastani wa kimpira kimoja kwa sekunde, ili mashine ya mtu yeyote iweze kulisha ya jirani yake. Uwiano wenu ni mzuri. Uacheni.

Sasa joto. Mlipobana bushi, mlizuia gia zisisogee pembeni, lakini ugonjwa haukuwa huko. Bushi iliyosukumwa ikagusa tofali inageuka breki, na mmeweka breki kila upande wa kila shafti. Shafti ya LEGO haina beringi; ni plastiki ndani ya tundu la plastiki, na inahitaji nafasi ya kupumua. Rudini kwenye kila bushi, ingizeni kipande cha karatasi ya daftari kati yake na tofali, sukumeni mpaka iguse karatasi, kisha vuteni karatasi. Nafasi inayobaki inatosha.

Mota ya umeme wa betri hula umeme kulingana na inavyozuiwa. Ikizunguka huru inakula kidogo. Ikibanwa inakula zaidi, na ikizuiwa isizunguke kabisa inakula kiwango cha juu kuliko vyote huku haifanyi kazi yoyote, hivyo umeme wote unageuka joto ndani yake. Mota nyingi za aina hii zina kinga ndani inayopunguza umeme joto likizidi, na ikipoa inauruhusu tena. Ndiyo maana yenu inasimama na kuamka. Haijaharibika. Lakini msiizoeshe hivyo, kwa kuwa kila mara inapofika hapo waya na brashi za ndani zinaumia kidogo. Ikiwa moto kiasi cha kushindwa kuishika kwa vidole, zimeni.

Ili nisimvunjie heshima nduguyo, mota ya XL ina kazi zake. Ina nguvu ya kuzungusha zaidi ya mara tatu ya M, na inazunguka polepole zaidi. Ningeichagua kama mota moja ingeendesha mashine tatu au nne kwa pamoja, au kama mngejenga winchi ya kuinua kitu kizito kweli. Kwenye mashine yenu ya sasa, yenye gia zisizong'atana na bushi zilizobana, ingefanya mambo mawili: meno yangeruka kwa kishindo zaidi mpaka yaanze kulika, na shafti ndefu zingejisokota. Nimewahi kushika shafti iliyosokotwa namna hiyo, hainyooki tena.

Mafuta ya cherehani, hapana. Sababu ya kwanza ni vumbi. Mafuta kwenye tundu dogo hukusanya vumbi na unga wa plastiki, na baada ya siku chache mna tope linalosaga shafti. Ya pili ni kwamba baadhi ya mafuta na vimiminika huifanya plastiki ya matofali, inayoitwa ABS, ipate nyufa sehemu zilizo kwenye mkazo, na matofali yaliyobanana yako kwenye mkazo wakati wote. Mafuta ya kupikia ni mabaya zaidi kwa sababu yanaganda na kunata. Wako wajenzi wa mashine za maonyesho ya siku kadhaa wanaotumia kilainishi cha silikoni kidogo sana kwenye shafti zinazokwenda kasi, na wanajua wanachofanya. Ninyi mnahitaji usafi. Boksi lililotumika huwa na vumbi la miaka ndani ya matundu. Osheni vipande kwa maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni ya vyombo, mpitishe brashi laini kwenye matundu, muanike kivulini. Mota, waya na kisanduku cha betri visiguse maji.

Mnapoosha, mtagundua jambo lingine. Shika kila tofali lenye tundu, pitisha shafti, kisha izungushe kwa kidole. Iendelee kuzunguka kidogo baada ya kuiachia. Ikigoma, tofali hilo liende kwenye kuta na mapambo, si kwenye shafti. Maboksi ya mkono wa pili mara nyingi yamechanganyika na matofali ya kuiga, na tofauti ndogo sana ya kipenyo cha tundu inatosha kubana. Fanya vivyo hivyo kwa pini. Za LEGO nyeusi zina mistari midogo iliyoinuka kwa ajili ya kubana. Hizo ni za fremu. Za kijivu hafifu hazina mistari, na ndizo za viungo vinavyocheza. Ninashuku kwamba vidato vyenu vimeunganishwa na krenki (mkono unaogeuza mzunguko kuwa kupanda na kushuka) kwa pini nyeusi, kwa kuwa ndizo zinazojaa kwenye boksi. Kama ni hivyo, hapo pana breki nyingine.

Nimefika kwenye vidato, na hapa ningependa mkae muda mrefu kuliko kwingine, maana gia mkisharekebisha mtakuwa mmemaliza nazo, lakini vidato ndivyo vitakavyowasumbua siku ya maonyesho.

Kidato kinachopanda kati ya kuta mbili kinafanana na droo ya meza. Ukiivuta droo pana kwa kona moja, inakaa upande na kukwama, na ukizidi kuvuta inazidi kukaza. Nguvu inayosukuma pembeni ya katikati inakipindua kidato, kona mbili zinazotazamana zinabonyea kwenye kuta, na msuguano wa kona hizo unakua kadiri unavyosukuma. Hakuna mota inayoshinda mkwamo wa namna hii, kwani nguvu ikiongezeka na mkwamo unaongezeka. Tiba zake ni mbili. Krenki isukume kidato katikati kabisa ya upana wake. Na sehemu ya kidato inayoteleza kwenye kuta iwe ndefu kwenda chini, mara mbili ya upana wake ikiwezekana. Kuta zenyewe zifunikeni vibamba laini visivyo na vinundu, na pande zote mbili ziache nafasi ya kutosha kidato kishuke chenyewe kwa uzito wake. Jaribio ni hilo: ondoa krenki, inua kidato kwa kidole, achia. Kisiposhuka peke yake hakijawa tayari.

Kisha kuna suala la vidato vinne kupanda kwa wakati mmoja. Nusu ya mzunguko mota inainua vyote vinne, nusu nyingine inavishusha bila kazi. Tena, katika ile nusu ya kupanda, mzigo haulingani: krenki ikiwa chini kabisa au juu kabisa haihitaji nguvu, ikiwa ubavuni ndipo uzito wote unapoegemea. Nenda ukasikilize mlio. Kama tak inatokea sehemu ile ile ya mzunguko, vidato vikiwa nusu ya safari ya kupanda, mzigo ndio unaofunua udhaifu wa gia. Kama inatokea ovyo, tafuta jino lililovunjika au uchafu kwenye gia. Wekeni alama ya kalamu kwenye gia zote mbili ili muone ni jino lipi linalohusika. Ndogo inazunguka mara tano kwa moja ya kubwa, hivyo mlio unaorudi mara tano kwa mzunguko unatoka kwenye ndogo.

Ujenzi bora zaidi ni ule ambao vidato vyote vinane vinatembea, vinne vikipanda wakati vinne vinashuka, kwenye krenki zinazotazamana. Uzito unasawazishana na mota inabaki na vimpira tu. Ningewashauri mfanye hivyo baada ya maonyesho, si sasa, kwa kuwa ni kujenga upya. Kwa wiki tatu zilizobaki, tumieni rababendi. Fungeni mbili au tatu kutoka juu ya fremu hadi kwenye mhimili unaobeba vidato, mkiongeza moja moja mpaka vidato vikiachiwa katikati ya safari vinakaribia kukaa palepale. Msizidishe, la sivyo mota itakuwa inapigana na rababendi wakati wa kushuka. Lile jaribio la kidato kushuka chenyewe lifanyike kabla ya kufunga rababendi.

Mkishamaliza hayo, msiwashe mota. Itoeni, na mahali pake wekeni mpini mdogo: shafti yenye mkono mfupi wa kushikia. Binti azungushe polepole mzunguko mzima wa gia kubwa, macho amefumba kama anapenda. Vidole vinasikia kile ambacho macho hayaoni. Akisikia mahali panapokaza, asimame hapo hapo, na mtafute kinachogusa kisichopaswa kuguswa. Msipokiona, tenganisheni mashine kwa nusu: ondoeni krenki, mzungushe gia peke yake. Zikiwa laini, mkwamo uko kwenye vidato. Rudisha kidato kimoja kimoja mpaka ukaze upya, na aliyerudi mwisho ndiye mkosaji. Mpini uzunguke kwa vidole viwili bila juhudi, vimpira vikiwemo. Hapo ndipo mota inaruhusiwa kurudi.

Kuhusu betri hukuniambia kitu, lakini nauliza kwa sababu nimeona mashine nzima nyingi zikihukumiwa kwa ajili ya betri. Kisanduku cha mota hii kinachukua betri sita za AA. Zile za bei nafuu za dukani, ambazo hazikuandikwa kuwa ni alkali, zinatosha saa ya ukutani, lakini zikidaiwa umeme mwingi kwa mkupuo volti zinaporomoka, na mota iliyokuwa hai inakuwa dhaifu ndani ya dakika chache. Tumieni za alkali, zote sita mpya na za aina moja. Au za kuchaji: kila moja ina volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo jumla ni 7.2 na mashine itakwenda polepole kidogo, lakini mwendo hautayumba, na kwa maonyesho ya siku nzima mimi ningezipendelea hizo.

Kapu la chini nalo lina tabia yake. Vimpira viwili vikifika mlangoni kwa pamoja hukingamana na kujenga tao, na vilivyo nyuma vinalishikilia. Mlango wa upana wa vinundu viwili, milimita 16, unapitisha kimpira kimoja bila kubana. Sakafu ya kapu iinameni kuelekea mlangoni, na kidato cha kwanza kiinuke ndani ya kapu lenyewe badala ya nje yake, ili kila kinapopanda kivuruge tao lolote linaloanza. Na vimpira visiwe vingi. Thelathini ni vingi tayari.

Wiki ya mwisho, iacheni iende nusu saa nzima mezani bila kuigusa, kisha zimeni na mshike mota. Ikiwa vuguvugu, mmefika. Angalieni chini ya shafti kama kuna unga mwembamba wa plastiki. Ukiwepo, unawaonyesha tundu linalobana. Siku ya maonyesho mbebe betri za akiba, rababendi za akiba, na gia moja ya meno 8 ya akiba, kwa kuwa ndiyo inayoumia kwanza. Meza isiwe juani.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi na inabidi mtu aione mashine. Kama mota inapata moto hata ikizunguka peke yake bila kufungwa kwenye kitu, kama inatoa harufu ya kuungua, kama waya wake umepasuka ngozi (waya za mota za zamani hupasuka zenyewe), au kama kisanduku cha betri kina unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma vyake, acheni kuitumia na mpeleke kwa fundi wa redio aliye karibu. Msijaribu kuifungua mota nyumbani, na msiiunge na chaja ya simu au umeme wa ukutani kwa waya za kubuni. Kwa upande wa vidato, mwalimu wa fizikia au fundi seremala anayetengeneza droo atauona mkwamo kwa dakika moja kuliko mimi kwa kurasa kumi. Ukifika kwa fundi wa redio, mwombe apime volti za kisanduku mota ikiwa inaendesha mashine yenye vimpira, kwa sababu betri zilizochoka zikipimwa bila mzigo zinaweza kuonyesha karibu 9 kamili na kukudanganya.